Glavu tunavaa zamu nzima, mbona vimelea vinahama kitanda hadi kitanda?

SWALI: Shikamoo sista. Mimi ni muuguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Tuna vitanda sita. Glavu tunavaa zamu nzima, tunanawa tukiingia na tukitoka, na kitakasa mikono kipo mlangoni. Lakini mwezi huu majibu ya kuotesha vimelea maabara yametoka na bakteria aitwaye Acinetobacter kwa mgonjwa wa kitanda namba mbili, na siku chache baadaye kwa wa namba tano. Vitanda hivyo haviko hata upande mmoja. Tunakosea wapi? La pili ndilo linalonisumbua zaidi: daktari bingwa wetu akipita raundi hatakasi mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nikisema nitaonekana mjuaji. Nifanyeje? – Muuguzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe: "glavu tunavaa zamu nzima." Hapo ndipo pa kuanzia.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata sisi watumishi tulifundishwa kuogopa damu ya kila mgonjwa. Ilikuwa haki. Glavu ikaingia vichwani mwetu kama kinga yangu mimi, na imebaki hivyo hadi leo, hata kwa nyinyi mliozaliwa baadaye. Mtu akishavaa glavu anajiona yuko salama, na kweli yuko salama. Mgonjwa je? Glavu iliyomgusa wa namba mbili, ikashika reli ya kitanda, ikabonyeza monita, ikafungua droo ya toroli, ikaenda kumgeuza wa namba tano, ni kama mkono wa konda wa daladala unaopokea noti kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Kila abiria ameushika mkono wa abiria mwenzake bila kujua.

Tena glavu ina ubaya wake ambao mkono mtupu hauna. Mkono ukilowa unajua, ukinata unajua, na mwili wenyewe unakusukuma ukanawe. Ndani ya glavu huhisi kitu. Halafu na joto letu hili, kiyoyozi kikizimika mkono unatoka jasho humo ndani kwa saa nzima, na vimelea vya ngozi vinaongezeka. Glavu huweza kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, na wakati wa kuzivua vidole huchafuka. Ndiyo maana utaratibu unasema utakase mikono baada ya kuvua glavu, hata kama ilionekana safi. Na tafadhali, wale wanaopaka kitakasa mikono juu ya glavu ili "waokoe" jozi, waambie waache. Glavu ya kutumika mara moja haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo sheria ni fupi: glavu kwa kazi moja, kwa mgonjwa mmoja. Kumpima mgonjwa joto, kumwekea kipimo cha oksijeni kidoleni, kuandika chati, kusukuma toroli, hakuhitaji glavu kabisa kama hakuna damu wala majimaji na mgonjwa hajawekewa tahadhari maalumu. Mgonjwa wa namba mbili na wa namba tano kwa sasa wanahitaji tahadhari hizo, nitafika huko.

Sasa kunawa "tukiingia na tukitoka". Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unataja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kufungua mrija, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hizi umezikariri chuoni, sitazieleza moja moja. Ila angalia kwamba mlango wa wodi haumo. Mlango hauna mgonjwa. Anayenawa mlangoni tu amenawa kwa ajili ya nyumbani kwake.

Katika hizo tano, watumishi hujitahidi zaidi zile za "baada" kuliko zile za "kabla". Inaeleweka: baada ya kumwaga mkojo unajisikia mchafu. Kabla ya kuchoma dawa kwenye mrija wa mshipa mkubwa hujisikii chochote, kumbe hiyo ndiyo dakika ambayo vimelea vya mkononi mwako vinapata njia ya kuingia moja kwa moja kwenye damu. Ningekuwa na nguvu ya kusahihisha jambo moja tu ICU za mji huu, ningechagua hilo la pili: mikono itakaswe hapo hapo kitandani, sekunde chache kabla ya kufungua mrija, na kiungio cha mrija kisuguliwe kwa pamba ya spiriti na kuachwa kikauke.

Fikiria saa nane usiku. Mko wawili kwa vitanda sita. Uko namba mbili unapima mkojo kwenye mfuko, mashine ya kupumulia ya namba tano inapiga kengele. Mrija umejaa makohozi, oksijeni inashuka. Unakimbia. Nani atakulaumu? Mimi sikulaumu, lakini nitakuuliza: chupa ya kitakasa mikono iko wapi? Umesema mlangoni. Basi haipo. Kitakasa mikono kiwe kwenye kila kitanda, mahali mkono unapofika bila kupiga hatua, na kama vishikizo vya ukutani havipo, kila muuguzi awe na kichupa mfukoni. Kusugua vizuri ni sekunde 20 hadi 30. Kunawa kwa maji na sabuni ni 40 hadi 60, na hapo sijahesabu kwenda na kurudi kwenye sinki. Kichupa kikiwa kitandani, unavua glavu, unamimina kiganja kizima, unasugua huku ukitembea kwenda namba tano, unavaa mpya.

Maji na sabuni hayajastaafu. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, au mgonjwa akiwa na kuhara kunakodhaniwa ni Clostridioides difficile, kitakasa mikono hakitoshi, kwa kuwa mbegu za kimelea hicho haziuliwi na spiriti. Lakini kwa Acinetobacter, Klebsiella na wenzake, spiriti inafanya kazi vizuri, na haisubiri bomba. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgao, wodi iliyotegemea sinki peke yake ilikuwa na kisingizio. Yenye kichupa kitandani haikuwa nacho. Na bei isiwe sababu: Shirika la Afya Duniani limetoa fomula ambayo famasia ya hospitali inaweza kuichanganya yenyewe, ya ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125. Hiyo gliserini ndiyo inayozuia ngozi kupasuka, maana mikono iliyopasuka haitakaswi na mtu yeyote, inauma.

Wapo wenzetu Waislamu wanaosita kwa sababu ya kileo kilichomo, na wengine wanaona haya kuuliza. Waambie bila kuwakejeli kwamba mwezi Januari 2002, wanazuoni wa Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu walikutana Makka na kuruhusu spiriti itumike nje ya mwili kusafisha vidonda na kuua vimelea. Mwenye shaka zaidi akamuulize shehe wake, lakini swali lisiachwe linaning'inia wodini.

Turudi kwa namba mbili na namba tano. Jina moja la kimelea si ushahidi kamili. Chukua majibu yote mawili, linganisha dawa zinazokiua na zinazoshindwa. Orodha zikifanana, shuku kwamba ni kimelea kimoja kilichosafiri. Kisha chukua karatasi, pamoja na mwenzako wa zamu, mwandike kila kitu kilichogusa wagonjwa wote wawili kabla ya majibu ya namba tano. Kila kitu. Hapa ndipo watu wengi huandika "mikono" na kufunga kalamu, wakati wodi ina wasafiri wengine wengi.

Nitakutajia ninaowashuku kwanza. Kaseti ya eksirei ya kitandani: inawekwa chini ya mgongo wa mgonjwa, inatolewa, inapelekwa kitanda kingine. Ni nani huifuta? Muuguzi anadhani ni kazi ya mtu wa eksirei, mtu wa eksirei anadhani ni kazi ya wodi. Ifungwe kwenye mfuko safi wa plastiki kwa kila mgonjwa na ifutwe. Kichwa cha mashine ya utrasaundi, na chupa ya jeli inayogusishwa kwenye ngozi. Mkanda wa mashine ya presha. Nyaya za ECG, zile za kupima mapigo ya moyo. Mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono, ambao mara nyingi upo mmoja kwa wodi nzima na huning'inizwa pale pale baada ya kutumika. Mashine ya kupima sukari. Stetoskopu ya daktari, hasa ile inayokaa shingoni kuanzia wodi ya kwanza hadi ya mwisho. Simu, zako na zetu sote.

Halafu kuna chupa ya normal saline, yale maji ya chumvi ya dripu. Naomba ukaiangalie leo. Toroli nyingi zina chupa moja ya mililita 500 iliyochomwa sindano juu, inaachwa hapo siku nzima, na kila mtu akitaka kusukumia dawa au kuyeyusha unga anavuta humo. Bomba la sindano likigusa mrija wa namba mbili kisha likarudi kwenye chupa hiyo, hata kwa sindano mpya, chupa imeshachafuka, na wodi nzima inachomwa vimelea hivyo. Chupa moja, mgonjwa mmoja, na sindano isiachwe imechomekwa. Bohari ikikosa vichupa vidogo, heri umwage nusu chupa kuliko kugawana. Najua uhaba ulivyo, lakini bei ya chupa hiyo hailingani na ya antibaotiki za mwisho mtakazomwandikia mgonjwa.

Kwenye kufyonza makohozi kuna jambo kama hilo: mrija uliotumika kuachwa kwenye kopo la maji ili utumike tena, na kopo lenyewe kuongezwa maji bila kuoshwa. Chupa ya unyevu ya oksijeni nayo ijazwe maji yaliyotakaswa, si ya bomba, na isiongezewe juu ya mabaki. Mwaga, osha, kausha, jaza upya. Penye majimaji bakteria aitwaye Pseudomonas anapapenda, kuanzia chupa hizo hadi sinki lenyewe. Msiandae dawa pembeni ya sinki.

Acinetobacter yeye ana sifa nyingine: anavumilia ukavu. Anaweza kukaa wiki kadhaa kwenye reli ya kitanda, kwenye vitufe vya mashine, kwenye pazia. Ndiyo maana mgonjwa mpya anaweza kulazwa kitanda kilichoachwa juzi na akampata mpangaji wa zamani. Mhudumu wa usafi ndiye mtu muhimu hapa, na mara nyingi ndiye pekee ambaye hajaitwa kwenye semina hata moja. Mfundishe mwenyewe, kwa heshima: kwanza sabuni na maji, kwa kuwa klorini inapoteza nguvu kwenye uchafu, kisha klorini ya asilimia 0.5, iache dakika 10, halafu futa kwa maji kwenye vyuma visiliwe. Kama dawa mliyonayo ni ya asilimia 3.5, changanya sehemu moja kwa sehemu sita za maji, na mchanganyiko uwe wa siku hiyo hiyo. Skrini na vitufe vya mashine vifutwe kwa kitambaa cha spiriti ya asilimia 70. Kitambaa cha kitanda kimoja kisiende kitanda cha pili. Tangu 5S, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga sehemu ya kazi, ilipoanza Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 na kusambaa nchini, makabati yetu yana lebo nzuri sana. Reli za vitanda bado zinasubiri zamu yake.

Kuhusu wagonjwa hawa wawili kwa sasa: wawekwe karibu wao kwa wao, mbali na wengine kama nafasi inaruhusu, wahudumiwe na muuguzi mmoja kwa zamu, mwenye glavu na gauni za kuvulia hapo hapo, kila mmoja awe na stetoskopu na mkanda wake wa presha. Mwambie msimamizi wa IPC (kuzuia na kudhibiti maambukizi) wa hospitali leo, usisubiri kikao. Pia muulizeni daktari kama kimelea kinamuumiza mgonjwa au kimekaa tu kwenye mrija, maana makohozi yakiotesha kitu si lazima mgonjwa awe na nimonia, na antibaotiki zisizohitajika ndizo zinazotuzalishia sugu zaidi.

Halafu kila asubuhi muulizane: mrija huu bado unahitajika? Mpira wa mkojo uliowekwa siku ya upasuaji na kusahauliwa, mrija wa shingoni unaobaki "kwa tahadhari", mashine ya kupumulia ambayo mgonjwa angeweza kujaribiwa kutoka. Mrija uliotolewa hauambukizi. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 isipokuwa kuna sababu ya kutofanya hivyo, kinywa kisafishwe, na presha ya kipulizo cha mrija wa koo ipimwe ikae kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Mambo haya yanaudhi kwa udogo wake, ila mengi hayasubiri bajeti ya mtu.

Haya, bingwa.

Kwanza ujue kwamba si wenu peke yake. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Geneva, daktari Didier Pittet na wenzake walifanya kampeni kati ya 1994 na 1997, wakaweka chupa za kitakasa mikono vitandani, na utakasaji mikono ukapanda kutoka asilimia 48 hadi 66, huku maambukizi ya hospitalini yakishuka. Wauguzi ndio waliopandisha. Madaktari walibaki nyuma. Na tatizo la mkubwa asiyetakasa mikono haliishii mikononi mwake: madaktari wadogo na wanafunzi nyuma yake huacha pia, kwani nani atasimama kusugua mikono wakati raundi imeshahamia kitanda kinachofuata?

Sikushauri umkosoe mbele ya wagonjwa na wanafunzi. Hapa kwetu hilo litakuwa ugomvi wa heshima, na vimelea vitasahaulika. Kuna njia tatu ambazo nimeona zinafanya kazi. Ya kwanza haihitaji neno. Raundi ikisogea, wewe uwe wa kwanza kufika kitanda kinachofuata ukiwa na kichupa, jimiminie, kisha nyoosha mkono na kichupa: "Karibu daktari." Ni wachache mno wanaokataa kitu walichonyooshewa. Ya pili, mtangulie kwa habari: kabla ya raundi mwambie faragha, "Daktari, namba mbili na namba tano wametoa Acinetobacter inayofanana, tunaomba msaada wako tuwe wakali kwenye mikono." Umemfanya mwenye jambo badala ya mtuhumiwa, na bingwa mwenye mgonjwa wake anaelewa lugha ya majibu ya maabara haraka kuliko lugha ya bango. (Mabango ya kunawa mikono sina imani nayo. Baada ya wiki moja yanakuwa rangi ya ukuta.)

Ya tatu ni kubwa zaidi na huwezi kuifanya peke yako: iwe sheria ya wodi, si ujasiri wa muuguzi mmoja. Jimbo la Michigan, Marekani, ICU zilipewa orodha fupi ya kuweka mirija ya mishipa mikubwa: kutakasa mikono, kujifunika vifaa kamili vya usafi, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja, na kuondoa mrija usiohitajika. Mambo hayo kila daktari aliyajua tayari. Kipya ni kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kusimamisha kazi ikiwa hatua imerukwa, na uongozi ukawa nyuma yake. Matokeo ya ICU 103 yalichapishwa mwaka 2006: katika miezi mitatu, kiwango cha kati cha maambukizi ya damu kilishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija hadi sifuri.

Hivyo nenda kwa muuguzi kiongozi wako na karatasi yako ya namba mbili na namba tano mkononi. Mwombe jambo hilo lifikishwe kwenye kamati ya IPC, ambapo mabingwa nao wana kiti, na mpendekeze kwamba anayeweka mrija awe na muuguzi wa kusoma orodha, ambaye akisema "simama" kila mtu anasimama. Mwongozo wa kitaifa wa IPC wa mwaka 2018 upo, upeleke kikaoni. Na kama mtaanza kuhesabu utakasaji mikono, msihesabu kwa majina. Hesabuni kwa kada: wauguzi, madaktari, wahudumu, watu wa eksirei na wa mazoezi ya viungo. Bandikeni kwenye chumba cha chai. Mabingwa wanashindana wao kwa wao kuliko unavyodhani.